Nilivyomrudishia winga wangu mkono wake wa kushoto

Kunguru ndiye aliyenionyesha. Ilikuwa wakati wa mapumziko, wasichana wamekaa chini ya mwarobaini kando ya uwanja wetu hapa Mombasa, wanakula mahamri. Kunguru wa mji huu mnawajua, hawana haya. Mmoja alishuka, akanyakua hamri mkononi mwa msichana wa kidato cha pili, akaenda kutua nalo juu ya mwamba wa goli. Yule binti akaokota jiwe na kuvurumisha papo hapo. Jiwe likampita kunguru kichwani kwa upana wa kidole, hamri likaanguka. Wenzake walicheka mpaka machozi. Mimi nilibaki nimeduwaa, kwa sababu miezi minane nilikuwa nikimfundisha mtoto huyu, winga wangu wa kulia, kurusha mpira kwa mkono wa kulia, na jiwe lile lilitoka kushoto.

Asiyecheza handiboli hatauona uzito wa jambo hili. Winga wa kulia anashambulia kutoka kona, na goli lenyewe lina upana wa mita 3 tu. Akitumia mkono wa kulia, mpira unatokea upande wa mstari wa nyuma na kipa anamzibia kila kitu. Mashoto akiruka kutoka kona hiyohiyo, mkono wake uko upande wa katikati ya uwanja, na goli linamfungukia. Ndiyo maana makocha humtafuta mashoto kama anavyotafutwa fundi mzuri wa mashua. Mimi nilikuwa naye siku zote na nimemgeuza mtu wa kawaida.

Nilipomuuliza, alitazama chini. "Bibi hataki, mwalimu." Alipokuwa mdogo bibi yake alimfunga kitambaa kwenye mkono ule mpaka akazoea kula, kuandika na kupokea kwa mkono wa kulia. Kushoto kulimtoka tu akikasirika.

Siku hizo tulikuwa tumesikia habari za mchujo wa timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 18, ya kujiandaa na ubingwa wa Afrika. Mashindano hayo ndiyo njia ya kwenda kombe la dunia la rika hilo, lililoanza mwaka 2006 kule Kanada. Na Afrika kuna Angola, nchi ambayo timu yake kuu ya wanawake imetwaa ubingwa wa bara zaidi ya mara kumi. Kuna Misri na Tunisia, ambako watoto hucheza kwenye kumbi za ndani. Sisi tuna saruji, na nyavu za goli ni jarife kuukuu tulilopewa na mvuvi.

Nilikwenda kwa bibi baada ya alasiri. Nilimkuta barazani anakanda unga wa mahamri ya kesho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kafanya nini tena huyu?"

Hapo nikaharibu. Nikaanza hotuba: nikamweleza kuhusu wasichana wa Korea Kusini waliotwaa kombe la dunia la rika hilo mwaka 2022 kule Skopje, wakaifunga Denmark 31 kwa 28 kwenye fainali, wao wafupi, wale warefu kama minazi. Bibi alinisikiliza huku akikanda. Nilipomaliza akauliza, "Na hao Wakorea wanakula kwa mkono gani?"

"Wanakula kwa vijiti, Bibi."

"Vijiti vya mkono gani?"

Nikanyamaza. Akacheka, akanisogezea kigoda. Ndipo akasema mwenyewe: hakumfunga kwa kumtesa. Mtoto alikuwa akitumwa dukani, akimpa mwenye duka pesa kwa mkono wa kushoto, watu wanaguna kwamba kwa bibi fulani hakuna adabu. Bibi aliogopa maneno ya watu.

Sikumletea tena habari za Denmark. Nilimwambia tuweke mpaka: nje ya mstari wa uwanja, kila kitu kwa mkono wa kulia, na mimi nitamsimamia. Ndani ya mstari, aachiwe. Akaongeza masharti yake. Madrasa kwanza. Maghribi imkute nyumbani. Na siku akisikia mtoto amempa mkubwa kitu kwa kushoto, mpira umekwisha.

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe mkono haukuwa na shida, shida ilikuwa miguu. Anayerusha kwa kulia huruka kwa mguu wa kushoto, na mashoto huruka kwa mguu wa kulia. Miezi minane ya mafunzo yangu ilikuwa imekaa miguuni mwake. Hatua tatu unazoruhusiwa ukiwa na mpira alizipiga vizuri, kisha anaruka kwa mguu usio wake, anajipinda hewani kama nguo kwenye kamba, na mpira unakwenda barabarani. Mara mbili tuliufuata hadi kwa muuza madafu.

Nikachora nyayo kwa chaki juu ya saruji kuanzia kona: kulia, kushoto, kulia, ruka. Kisha nikachana kipande cha leso kuukuu nikamfunga kwenye mguu wa kulia, ajue ndio wa kurukia. Alinitazama akatabasamu. "Bibi alinifunga mkono, mwalimu wanifunga mguu." Wiki ya kwanza hatukugusa mpira kabisa. Ya pili alirusha akiwa amesimama, akilenga chupa za maji nilizozitundika kwenye pembe za goli. Tulifanya mapema asubuhi, kwa sababu jua likishapanda saruji ile inachoma hata kupitia soli. Wiki ya tano aliruka juu ya eneo la kipa, lile la mita sita mbele ya goli, akauachia mpira kabla ya kugusa chini, na chupa ya pembe ya mbali ikapasuka. Leso niliifungua siku ile.

Tulihangaika pia na gundi ambayo wachezaji wa kumbini hupaka vidoleni. Hapa hatukuipata. Nikanunua ubani sokoni, nikauyeyusha na mafuta ya nazi. Mpira haukushika hata kidogo, na timu nzima ikanukia maulidi kwa siku tatu.

Mchujo wa Nairobi ulikwisha haraka. Alikosa mitupo yake miwili ya mwanzo, akafunga minne iliyofuata, na mashoto walikuwa wawili tu kati ya wasichana wote. Aliitwa kambini. Orodha ya mwisho ya wanaosafiri bado haijatoka.

Kwa ajili ya pasipoti ilihitajika cheti halisi cha kuzaliwa. Bibi alikitoa ndani ya kopo la biskuti, kimekunjwa kwenye plastiki. Mtoto, kwa furaha, akanyoosha mkono wa kushoto. Bibi akakirudisha kifuani, akangoja.

Mtoto akabadilisha mkono.

"Haya," Bibi akasema, akampa.