Milioni nne za mashine, na mama hata haruhusiwi kusimama

Kaka yangu katupia bei kwenye grupu la familia: mashine ya kutembelea, milioni nne na ushee, ipo Dar, kusafirisha mpaka Tanga ni juu yetu. Eti mama, aliyepigwa kiharusi, naye apate "mazoezi ya Ulaya". Juu yetu maana yake juu yangu, kwani huku Uingereza sisi pauni tunaziokota chini.

Mimi ni kea, yaani mhudumu wa wagonjwa, kwenye wodi ya kiharusi, hizo mashine nashinda nazo. Mgonjwa anafungwa mikanda, ananing'inizwa kidogo, ukanda wa mpira unazunguka chini ya miguu, watu wawili wanamsogezea nyayo. Inapendeza kutazama. Lakini mwaka 2011 Wamarekani walitoa majibu ya utafiti unaoitwa LEAPS, wagonjwa 408: kuna waliopewa mashine hiyo, kuna waliofuatwa nyumbani na mtaalamu wa viungo, vipindi 36 vya dakika 90. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wote walikuwa wanatembea vizuri zaidi, na wa mashine hawakuwazidi wa nyumbani. Mguu unarudi kwa kurudiarudia, hatua ile ile, mpaka sehemu ya ubongo iliyo hai izoee kazi ya ile iliyokufa.

Sasa mama yangu anarudia nini? Kulala. Akijiinua tu, mashangazi wanamdaka: "Tulia bi mkubwa, wewe mgonjwa!" Uji analishwa, na mkono wa kulia anao mzima. Wengine wamesema upepo mbaya, likaletwa kombe, yale maji ya maandishi ya Kurani. Kombe anywe, sina ugomvi nalo, ila akishakunywa asimame. Hiyo ni presha, jamani. Vidonge aliviacha mwenyewe alipojiona hana neno.

Sisemi mtu anyanyuliwe siku ile ile. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa waliosimamishwa mapema mno na kwa wingi, ndani ya saa 24, matokeo yao yalikuwa mabaya zaidi. Ila mama ni miezi sasa.

Halafu hiyo Ulaya yenyewe. Mwongozo wa kiharusi wa hapa Uingereza wa 2023 unataka saa 3 za mazoezi kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa anayeziweza. Kwenye karatasi. Zamu ikipungukiwa watu, mgonjwa anakaa kitini anatazama televisheni. Akiruhusiwa anarudi kwenye fleti peke yake, safari yake ni kitanda na maikrowevu. Nani amshike?

 

Kwa mama, Ngamiani huko Tanga, watu wapo, na barabara ni tambarare. Mpwa wangu, dereva wa boda, hakuna aliyemtuma. Baada ya alasiri anamzungushia mama kanga iliyosokotwa kiunoni, anasimama upande wa kushoto, ule mbovu, anaishika kwa nyuma, wanatoka. Nimeiona video. Vidole vya mguu vinaburuza, vinachora mstari mchangani, na yeye anamwambia, "Kisigino kwanza, bibi. Kisigino." Muuza mihogo kaacha karai lake kaleta kiti cha plastiki. "Shikamoo bi mkubwa, leo umenifikia!" Mama kajibu marahaba huku anahema, hakukaa, kageuza. Wodi yangu yote haina mtu wa kumpa mgonjwa kitu kile.

Kwa hiyo milioni nne situmi. Natuma ya kumpeleka hospitali ya Bombo apimwe, mtaalamu wa viungo amfundishe huyo kijana kushika sawasawa. Natuma ya vidonge vya presha, vya kila mwezi, na posho ya mpwa kwa saa anazoacha abiria. Fundi atie vyuma vya kushikilia chooni. Viatu vya kufunga nimeshanunua, vinakuja na mtu. Kandambili mzifiche.