Nilivyoacha kumuuliza fundi “kazi inaendeleaje?”

Nilikuwa najenga Chanika huku nafanya kazi Dodoma. Kila nikipiga simu, fundi alijibu, “Inaenda vizuri, bosi.” Nilipofika nikakuta dirisha la jikoni limeelekea shimo la choo, na kuta hazijamwagiliwa maji ili saruji ikomae. Iliniuma sana. Lakini ramani niliyompa ilikuwa nakala iliyofifia, na dirisha lile nililibadilisha kwa mdomo tu.

Tulikaa chini, tukabomoa, gharama tukagawana. Kisha nikabadili maswali: “Leo mmepanga kozi (mistari) ngapi za tofali? Mifuko mingapi ya saruji imebaki?” Picha alinitumia WhatsApp, futikamba ikiwa ukutani na namba zinasomeka. Kabla ya zege la lenta, yaani mkanda wa juu ya milango na madirisha, nilitaka kuona nondo 4 za milimita 12 na ringi za chuma zinazozishika, kwa sababu zege likishamwagwa huoni kitu tena. Badiliko lolote tuliliandika kwenye daftari, pamoja na bei yake, kabla tofali halijaguswa. Malipo yakafuata hatua: msingi, lenta, kupaua.

Siku hizi fundi ndiye anayenipigia: “Kaka, mlango huu ramani inasema sentimita 90. Tuendelee?”