Nilivyopanga tiketi zijifungue zenyewe bila kujirudia

Kufungua tiketi (issue, yaani taarifa ya tatizo la kushughulikiwa) kiotomatiki kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ni kazi ya mistari michache. Muda wangu mwingi ulikwenda kwenye kuizuia programu isifungue tiketi ileile kila usiku, maana timu ikishazoea tiketi za kujirudia huacha kuzisoma zote.

Nilitaka majaribio ya msimbo yaendeshwe kila usiku, na jaribio likifeli tiketi ifunguliwe. Faili ya YAML, yaani ya maagizo ya mtiririko (workflow) unaoendeshwa na GitHub, nimeiweka ndani ya `.github/workflows`, kwenye tawi la msingi (default branch). Ikiwa kwenye tawi lingine, ratiba haisomwi. Ratiba ni `17 2 * * *`, yaani saa 8:17 usiku kwa UTC. Dakika ya 17 ni ya makusudi: saa inapoanza, foleni hujaa na kazi huchelewa. Nimeongeza na `workflow_dispatch` ili niweze kuijaribu kwa mkono bila kungoja usiku.

Kwenye sehemu ya ruhusa (`permissions`) ya faili hiyo niliandika `issues: write`, yaani ruhusa ya kuandika tiketi. Angalia hapa: ukitaja ruhusa moja, karibu zote usizozitaja zinafungwa. Kama kazi hiyohiyo inachukua msimbo kutoka ripozitori (hifadhi ya msimbo) ya faragha, taja pia `contents: read`.

Tiketi naifungua kwa `gh`, zana ya GitHub ya mstari wa amri. Amri `gh issue create` hugoma lebo uliyoitaja isipokuwepo, kwa hiyo tengeneza lebo kwanza. Maelezo ya tiketi ninayapitisha kwa `--body-file`, yaani kutoka kwenye faili. Ukiyabandika moja kwa moja ndani ya amri, alama za dola na nukuu zilizomo kwenye ujumbe wa hitilafu zitasomwa na shell (programu inayotekeleza amri) kama sehemu ya amri, na hilo ni tundu la usalama. Maelezo ya tiketi yana kikomo cha herufi 65,536, hivyo nakata logi (kumbukumbu ya majaribio) kwa `tail -n 200`, nikibakiza mistari 200 ya mwisho.

Sasa marudio. Kila hitilafu naipa alama yake: jina la jaribio na aina ya kosa, vikipitishwa kwenye `sha256sum`, amri inayotoa mfuatano uleule wa herufi kwa maandishi yaleyale, kisha nachukua herufi 12 za mwanzo na kuziweka mwishoni mwa kichwa cha tiketi. Ujumbe wenyewe siuingizi, kwa sababu hubeba saa, namba za mistari na anwani za kumbukumbu, na kimoja kikibadilika tu alama inakuwa mpya. Kabla ya kufungua, naorodhesha tiketi zilizo wazi. Kama alama ipo, naongeza maoni kwenye tiketi hiyo. `gh issue list` huleta tiketi 30 tu usipoweka `--limit`; mimi naweka 500. Situmii `--search`, kwani faharasa ya utafutaji huchelewa kuiona tiketi iliyofunguliwa sasa hivi. Mizunguko miwili isigongane, nimeiweka kwenye kundi moja la `concurrency`, ambalo huendesha mzunguko mmoja kwa wakati.

Jambo moja huwakwamisha wengi: tiketi iliyofunguliwa kwa `GITHUB_TOKEN`, ufunguo wa muda ambao GitHub huupa mtiririko, haiamshi mtiririko mwingine unaosubiri tiketi mpya. Kama una mtiririko wa kugawa kazi kwa watu, mgawo huo ufanye ndani ya hatua hiyohiyo kwa `--assignee`.