Idd na babu, Tanga
Jamani nimekuja Tanga kula Idd, basi limetushusha Kange jioni nimechoka ila moyo mweupe. Usiku watoto wa mtaani wakaanza kulipua fataki, babu akainama ghafla chini ya meza, chai yote ikamwagika. Babu alipigana vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, wakaingia Uganda mpaka Kampala huko, na hadi leo kitu kikilia paa mwili wake unakumbuka kabla yake. Nikamshika mkono tu tukakaa kimya. Asubuhi baada ya swala akanipeleka kwenye makaburi ya wanajeshi waliokufa hapa hapa Tanga Novemba 1914, Waingereza walipokuja na askari wao kutoka India kupigana na Wajerumani, akasimama paleee, akawasomea Fatiha.