Vitz yangu ilivyoacha kuchemsha

Gari langu lilichemsha mara tatu kabla sijakaa chini kulifuatilia mwenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Fundi aliongeza maji, akaniambia niendelee na safari. Mara ya pili ilikuwa Chalinze. Fundi wa hapo alifungua sehemu ya themostati, kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto la injini, akaitoa na kuniwekea kiganjani. "Dada, hiki kidude ni cha nchi za baridi. Huku kwetu tunatoa tu, maji yapite."

Nilimwamini, kwa sababu wiki kadhaa zilipita gari likiwa limetulia. Kumbe lilikuwa linanipa ishara kila asubuhi. Vitz yangu haina mshale wa joto. Ina taa tu: ya bluu injini ikiwa bado ya baridi, nyekundu joto likizidi. Zamani nikitoka Tabata taa ya bluu ilizimika ndani ya dakika chache. Baada ya themostati kutolewa, nilikuwa nafika Ubungo bado inawaka, na mafuta yakawa yanaisha mapema kuliko kawaida. Injini ikikaa baridi muda mrefu, kompyuta ya gari inaendelea kuimiminia petroli ya ziada ikidhani ndiyo kwanza imewashwa.

Mara ya tatu ndiyo iliyonitia hofu kweli. Tulikuwa wanne, tunakwenda Mafinga kwa mama. Tulipita Ruaha Mbuyuni, tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori lililokuwa linatambaa kwa gia ya kwanza. Kona ya tatu au ya nne hivi, taa nyekundu ikawaka. Nikazima kiyoyozi, nikafungua hita hadi mwisho ili ivute joto la injini, nikatafuta mahali pa kusimama. Mvuke ulikuwa tayari unatoka pembeni mwa boneti, nikazima injini.

Mdogo wangu alishika kitambaa akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa rejeta. Mzee mmoja, dereva wa lori lililokuwa limeegeshwa kupoza breki, akapaza sauti: "Mwanangu, acha! Usiguse hapo!" Akaja hadi tulipo. Alituonyesha mkono wake wa kulia, ngozi imekunjamana kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Alifungua rejeta ya moto akiwa bado utingo.

Naomba jambo hili kila mwenye gari alishike. Maji yaliyo ndani ya rejeta yamefungiwa kwa mgandamizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, mgandamizo unatoka ghafla, maji yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Tulisubiri karibu saa nzima, hadi bomba la mpira la juu likawa linashikika kwa mkono bila kuunguza. Hapo ndipo tulipoongeza maji, kidogo kidogo. Mzee alisisitiza tusimimine maji ya baridi kwenye injini ya moto, kwa sababu silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ya aluminiamu, inaweza kupinda au kupasuka.

Tuliporudi Dar nilijiuliza swali moja ambalo mafundi wote wawili hawakuuliza: maji yanakwenda wapi? Mfumo huu umefungwa. Ukiwa mzima, hauhitaji kuongezwa maji kila wiki.

Nikabandika kipande cha plasta kwenye kichupa cha akiba ya maji ya rejeta na kuchora mstari usawa wa maji. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, niliangalia. Siku ya pili tu maji yalikuwa chini ya mstari. Chini ya gari pakavu. Mazulia ya ndani makavu, kwa hiyo rejeta ndogo ya hita haivuji. Nilifungua kifuniko cha oili, nikakuta oili ni safi, haina ule utando wa rangi ya chai ya maziwa unaoashiria maji yameingia. Bomba la moshi halikutoa moshi mweupe mzito, na ndani ya rejeta hapakuwa na mapovu injini ikinguruma. Nilishukuru Mungu, maana dalili hizo zingenipeleka kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na injini, na gharama yake si ndogo. Feni nayo ilizunguka mara tu nilipowasha kiyoyozi.

Ukabaki mfuniko wa rejeta. Niliugeuza, nikaona mpira wake umekakamaa kama ganda la muwa lililokauka, una ufa upande mmoja, na chini ya springi kuna tope jekundu. Mfuniko ndio unaoshikilia ule mgandamizo. Ukilegea, maji yanachemka mapema na kutoroka kama mvuke bila kuacha tone chini. Na kadiri unavyopanda kwenda Iringa, ambako hata maji ya chai yanachemka kabla ya nyuzi 100, ndivyo mfuniko mbovu unavyokuumbua.

Lile tope lilikuwa na habari nyingine. Miaka miwili nilikuwa naongeza maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, inayoleta kutu. Nilipofungua koki ya chini ya rejeta, yalitoka maji kama chai ya rangi.

Nilikwenda kwenye maduka ya vipuri Ilala, Shaurimoyo, na mfuniko wa zamani mkononi, nikachukua mwingine wenye namba ileile iliyoandikwa juu yake. Nilinunua pia themostati mpya iliyogongwa namba 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuibakiza hapo, iwe Mafinga au Mbagala. Kwenye baadhi ya injini, ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha.

Fundi wangu wa sasa ni kijana msikivu, na tuliifanya kazi pamoja. Tulisafisha kwa maji yasiyo na chumvi, hita ikiwa wazi, tukamwaga na kurudia mara nne hadi yakatoka meupe. Themostati aliiweka kile kitundu chenye kipini kinachocheza kikiwa juu, ili hewa ipite. Kisha kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, nusu, maji nusu. Tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, tukawa tunaminya bomba la juu hadi mapovu yakaisha na feni ikawaka yenyewe. Ukiiacha hewa ndani, utadhani umejaza kumbe hujajaza. Maji machafu tuliyakinga kwenye dumu. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu, mtoto au paka akiilamba ni hatari.

Kesho yake asubuhi taa ya bluu ilizimika kabla sijafika barabara kubwa. Nikanunua na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinachotuma joto la injini kwenye simu, kwa sababu taa nyekundu inakuja wakati umeshachelewa.

Desemba tukapanda Kitonga tena, watu walewale, mizigo ileile, nyuma ya lori jingine. Mdogo wangu alikuwa ameshika simu ananisomea: 91, 93, 96. Feni ikaingia. 92. Tulisimama Ilula kununua nyanya, nikasubiri injini ipoe, nikafungua boneti. Maji yalikuwa kwenye mstari wa plasta.