Mwulize Ana Chuchu Ngapi

Mei 2015 baba alikuja kunitembelea Uingereza. Alikuwa amestaafu uaskari wa wanyamapori, kwa hiyo makanisa na makumbusho hayakumnogea. Nikampeleka bustani ya wanyama.

Baba aliwapita simba bila hata kupunguza mwendo. Penye banda la babirusa akasimama.

"Ngiri wa wapi huyu?"

Nikamsomea kibao: wa Sulawesi, Indonesia, na jina lake ni la Kimalei, babi nguruwe, rusa kulungu. Ngozi ya kijivu, karibu haina nywele, miguu myembamba. Lakini meno! Yale ya juu hayatokei mdomoni. Hutoboa ngozi ya pua na kupinda kurudi nyuma, usawa wa macho. Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mtunzaji mmoja kijana akatusogelea na ndoo yake. Nilidhani baba atauliza habari za meno.

"Mwulize jike ana chuchu ngapi."

Niliona haya, lakini nikauliza. Mbili.

"Ngiri ana nne," baba akasema. "Basi huyu hazai sana."

Kweli, mtoto mmoja au wawili tu kwa uzao. Tena, kijana akaeleza, waliomo kwenye bustani za Ulaya na Marekani wametokana na wachache mno, wote wamekuwa ndugu. Huyu dume ni mzee. Akifa, banda litapewa mnyama mwingine. Na kuleta wapya kutoka kwao ni kazi kubwa, kwa sababu ya sheria za magonjwa ya nguruwe. Akataja ugonjwa wa miguu na midomo, kisha homa ya nguruwe ya Afrika.

Neno "Afrika" baba alilidaka mwenyewe. Homa hiyo iliandikwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921. Sisi tuliijua kwa njia nyingine: mwaka 2010 ilipoingia Kyela, kwetu Tanzania, shangazi alifukia nguruwe wake wote, na kitimoto, nyama ya nguruwe, ikaadimika mjini. Ngiri hubeba virusi vya homa hiyo bila kuugua.

"Kwa hiyo ngiri wetu ndio wamemfungia huyu mlango?"

Nilipotafsiri, kijana alicheka. Baba hakucheka. Alitafuta benchi, akaketi kulielekea banda, mikono juu ya magoti kama mtu aliyekuja kumjulia mgonjwa hali. Tulikaa pale mpaka muda wa kufunga. Kwa simba hatukurudi.