Enendeni Mkaone

Somo: 2 Wafalme 7:3–20

Wapendwa katika Kristo,

Juma hili nimeisoma sura ya saba ya Kitabu cha Pili cha Wafalme mara tatu, na kila mara nimejikuta nimesimama palepale, kwenye njia itokayo kambi ya Washami kuelekea Yordani. Jeshi lililokuwa limeuzingira mji wa Samaria hata kichwa cha punda kikauzwa vipande 80 vya fedha, lilisikia kishindo wakati giza linaingia. Halikuona gari hata moja wala farasi. Askari waliambiana tu kwamba mfalme wa Israeli amewaajiri wafalme wa Wahiti na wa Wamisri, wakaondoka mbio, wakaacha mahema na chakula, wakaacha hata farasi na punda ambao wangewabeba, na njia yote ikajaa mavazi na vyombo walivyovitupa kwa haraka. Maandiko yanasema wazi kwamba Bwana ndiye aliyewasikizisha kishindo kile ili awaokoe watu wake, wala sina nia ya kulipunguza jambo hilo. Lakini namna walivyokimbia ni namna ya wanadamu wote: sauti ilisikika, mmoja akaipa maana, wengine wakaipokea maana ile kana kwamba wameona kwa macho yao, na hakuna aliyetoka hemani kutazama.

Sisi tuliokuwa Kenya mwaka 2015 tunaijua njia hiyo. Tarehe 2 Aprili, ambayo ilikuwa Alhamisi Kuu, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, Jumapili iliyofuata Pasaka, kabla hapajapambazuka, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika Kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini waliamini kwamba yaliyowapata wenzao wa Garissa sasa yamewafikia wao. Wengine waliruka madirishani kutoka ghorofani, wengine wakaumia katika msongamano wa kutoka. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa, na hapakuwa na mshambulizi yeyote.

Sitawahukumu vijana wale, na naomba mtu yeyote katika ushirika wetu asiwahukumu. Wazee walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wao walikuwa wameumwa siku kumi tu zilizopita. Baadhi yao bila shaka walikuwa bado wanasubiri mazishi ya marafiki. Mtu anayeamshwa gizani na mlipuko hana muda wa kutafakari. Muda huo tunao sisi tulioketi mchana na kalenda, vikao na fedha za sadaka, na kwa hiyo swali linakuja kwetu: sisi tuliokuwa na nafasi ya kutazama, tulitazama nini?

Kanisani kwetu tuliajiri walinzi wawili, tukanunua kifaa cha kukagua vyuma, tukaweka meza langoni ili mikoba ya akina mama ifunguliwe, hata ule wenye nepi na chupa ya maziwa. Mambo hayo nayatetea, kwa sababu makanisa yalikuwa yameshambuliwa kweli na wachungaji walikuwa na wajibu. Nehemia naye aliomba na akaweka walinzi, mchana na usiku. Lakini katika juma lilelile tuliufunga kwa kufuli mlango wa ubavuni wa kanisa, ule unaotokea upande wa jikoni, na mlango ule ukabaki umefungwa kwa miaka. Tulimfungia adui asiingie, wala hapana aliyeuliza watu 400 watatokea wapi siku ambayo waya wa kipaza sauti utashika moto, au mtoto atakapopasua puto na mtu mmoja apige kelele. Nilikuwa mmoja wa waliopitisha uamuzi huo, na niliona nimefanya jambo la hekima. Usomaji wa Jumapili ile iliyofuata Pasaka katika makanisa mengi ni habari ya wanafunzi wa Yesu waliojifungia milango kwa hofu. Niliusikia ukisomwa, na sikuifikiria kufuli yetu.

Ipo sheria moja katika Kumbukumbu la Torati 22:8 ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Mungu anamwagiza Mwisraeli kwamba ajengapo nyumba mpya, ajenge ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Dari za nyumba za wakati ule zilikuwa tambarare. Watu walianika kitani juu yake, walilala, walizungumza jioni. Hakuna aliyeiogopa dari yake, kwa sababu alipanda na kushuka kila siku. Aliogopa Wafilisti, aliogopa simba. Naye Mungu, aliyewajua Wafilisti na simba kuliko yeye, akasimama pale darini akasema: jenga ukuta hapa, na asipojenga, akamhesabia damu.

Dari zetu ni zipi? Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Hesabu hiyo inazidi sana ya Garissa, nayo inarudi mwaka baada ya mwaka, lakini haikusanyi wapiga picha wala haitangaziwi siku za maombolezo, kwa sababu watu hawa hufa mmoja mmoja, huyu Naivasha, yule Salgaa, mwingine mbele ya shule ya mtaani. Moyo wa binadamu hushtushwa na kifo kinachowachukua wengi kwa pamoja, kwa mkono wa mtu mwenye chuki, mahali ambapo kamera zimefika. Kifo kinachokuja taratibu kwa njia tuliyoizoea hautikisiki nacho. Nimewaona waumini wakipanga foleni kwa subira ili wakaguliwe langoni, na baada ya ibada nikamwona mama mmoja akipanda bodaboda na watoto wawili, mmoja mbele ya dereva, mwingine katikati, wote vichwa wazi. Mlinzi aliwafungulia geti, nami nikawapungia mkono.

Hata mataifa yenye utaalamu mwingi yameshindwa hapo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha kusafiri kwa ndege wakashika barabara, na mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu takriban 1,500 zaidi walikufa kwa ajali za magari kwa sababu ya kuiepuka ndege. Waliikimbia hatari waliyoionyeshwa kwenye televisheni wakaingia katika ile iliyokuwa kubwa zaidi, wakiwa na amani moyoni kwa kuwa usukani ulikuwa mikononi mwao.

Lipo pia tunda lingine la hofu isiyotazama, nalo ni chungu zaidi, kwa kuwa hapa anayekanyagwa ni jirani. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh, mtaa wa Nairobi, na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Katika matatu zetu mwanamke mwenye buibui alipoingia, watu walisogea. Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa, wauaji wakataka abiria Waislamu watengane na Wakristo, nao Waislamu wakakataa. Wanawake wengine waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile akiwakinga Wakristo, akafariki Januari 2016. Namtaja katika tafakari hii kwa shukrani, kwa kuwa yeye aliwaangalia watu waliokuwa naye ndani ya basi akawaona walivyo, wakati wengi wetu tulikuwa tunamwogopa mtu wa dini yake aliyeketi kiti cha nyuma.

Turudi Samaria. Watu wanne wenye ukoma, waliokuwa wamekwenda katika kambi ya Washami, walipoleta habari kwamba ni tupu, mfalme aliamka usiku akasema ni hila: Washami wamejificha mashambani ili tutoke watukamate. Hofu yake haikuwa ya kijinga, maana Yoshua aliuteka mji wa Ai kwa hila ya namna hiyohiyo. Lakini kama wangeibeba hofu ile peke yake, mji ungekufa kwa njaa huku chakula kikiwa hatua chache nje ya lango. Aliyewaokoa ni mtumishi ambaye hata jina lake halikuandikwa. Hakumwambia mfalme asiogope, wala hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alisema, watu watwae farasi watano katika wale waliosalia, ambao hata wakibaki mjini watakufa kama sisi, tuwatume tukaone. Alipima hatari, akapima gharama, akatafuta njia ndogo ya kuujua ukweli. Yakatolewa magari mawili, mfalme akasema, Enendeni mkaone. Nimetamani sana neno hilo liwe desturi yetu kila inapoingia simuni sauti ya mtu asiyejulikana ikituonya kwamba kuna gari fulani linaiba watoto, au kwamba Jumapili ijayo kanisa fulani litalipuliwa: mmoja wetu ampigie mzee wa mtaa, mmoja aende shuleni aulize, na wengine tusiusambaze ujumbe mpaka watakaporudi.

Sura hiyo ina kifo kimoja, nacho hakikuletwa na Washami. Ni yule akida aliyesimamia lango. Umati ulipotoka kukimbilia unga na shayiri ulimkanyaga langoni, akafa, kama Elisha alivyokuwa amesema. Watu hawa walikimbia kwa furaha, lakini lango lilikuwa lilelile moja.

Jumamosi iliyopita tuliufungua mlango wa ubavuni. Kufuli ilikuwa imeshika kutu, tukaikata kwa msumeno, na bado mlango ulisogea kiasi cha shibri moja tu, kwa sababu nyuma yake palikuwa pamepangwa viti vya plastiki vya harusi na masufuria mawili makubwa. Vijana wameviondoa. Fundi atageuza bawaba ili mlango ufungukie nje, na mlinzi wa tatu tuliyekuwa tumepanga kumwongeza langoni atakaa pale ndani, karibu na mlango huo, kila ibada. Jumapili hii baada ya baraka tutatoka sote kwa kupitia huko, wazee kwanza na wenye watoto, taratibu, ili kila mmoja aijue njia kwa miguu yake. Wenye pikipiki wanaombwa waje na helmeti ya pili.